Sindano Kutoka Upande wa Pili

Kwanini hakuwa mtu wa kunyamaza. Jina lenyewe halikuwa la kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyembandika tangu alipoanza kusema, kwa sababu kila alipoambiwa jambo alijibu kwa neno hilo moja. Kwa nini maji hayana rangi? Kwa nini shangazi ana ndevu? Watoto wengine huacha wakikua. Huyu alikua nalo, akaingia nalo kazini, na sasa alikuwa mwanamke mzima anayepokea wagonjwa kwenye kliniki ya macho, na hata daktari alimwita hivyo hivyo.

Kwa hiyo mchana ule, alipoingia karakana kwa Fundi, akasalimia, akakaa na kuanza kazi bila swali hata moja, Fundi alipaswa kujua kwamba kuna jambo. Pengine alijua. Lakini Fundi alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao ukiwachoma moto watakuomba radhi kwanza, ndipo waulize maji yako wapi.

Hawakuwa wanaonana. Katikati ya chumba ilisimama fremu kubwa ya mbao, na juu yake kitambaa cheupe cha kitani kilichovutwa kikakaza, kikashuka mpaka sakafuni. Fundi alikaa kwenye kigoda upande wa mlangoni. Kwanini alikaa upande wa dirishani, palipokuwa na mwanga. Sindano ilikuwa moja. Fundi aliisukuma, ncha ikachungulia upande wa Kwanini, naye akaishika, akavuta uzi taratibu mpaka ukalala, kisha akairudisha kando kidogo ya pale ilipotokea. Fundi akaipokea. Mchana mzima ulikwenda hivyo, sindano ikienda na kurudi kati ya watu wawili.

Kazi ilikuwa ya daktari wa macho. Aliagiza pazia la kugawa chumba chake cha kungojea, na alitaka wagonjwa wa pande zote mbili waone picha ile ile. "Simtaki mgonjwa wa kukaa upande wa mafundo," alisema. Kazi ya namna hiyo haina nyuma. Haifungwi fundo, mwisho wa uzi unafichwa chini ya mishono mingine, na mshono ukienda kombo huku, na kule umekwenda kombo. Siku Fundi alipokuja kliniki kupima chumba, Kwanini alimuuliza maswali mpaka futi ikamponyoka mkononi. Mwishoni, maneno yakiwa yamemwishia, Fundi alimwambia, "Njoo uone." Kwanini akaenda kuona. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, kila kliniki ilipofungwa, mpaka siku moja Fundi akasukuma ncha ya sindano upande wake na kusema, "Haya, nirudishie."

Hata picha yenyewe ilikuwa ya Kwanini. Daktari alitaka maua. Fundi aliyachora maua, akayatazama, akayafuta, akayachora tena, akasema hayana pumzi. Kwanini ndiye aliyeleta kwenye mkoba wake jani la mboga iliyojiotea nyuma ya kliniki, jani limetobolewa na wadudu. Fundi alilishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Nani kalila?" aliuliza.

"Kiwavi."

"Anaanzia wapi kula? Pembeni au katikati?"

Kwanini hakujua. Kesho yake alirudi nyuma ya kliniki akachuchumaa na viatu vyake vya kazi kutazama kiwavi anavyokula, wagonjwa wakimshangaa kupitia dirishani. Maishani mwake hakuwa amepata kukutana na mwanamume wa kumuuliza swali la kumrudisha akaangalie upya. Nadhani alimpenda pale pale, ameinama vile, ila moyo ulichelewa kumpa habari.

Tangu hapo alijifunza kuona. Alijifunza kwamba ukingo wa tundu la jani una mstari wa njano, na ndani ya njano kuna hudhurungi. Alijifunza kwamba kijani hakigeuki kwa ghafla, kwa hiyo mishono inapangwa mmoja mrefu na mmoja mfupi, ili rangi ya pili iingie katikati ya ile ya kwanza kama vidole vya mikono miwili. Alimuuliza Fundi anatoa wapi rangi zake, akamwonyesha ukuta wa nje ulioliwa na unyevu, na ganda la kitunguu, na tangi la maji lililoshika kutu. Sasa Kwanini hakuweza kukatakata kitunguu bila kusimama katikati akitazama, na mama yake alikuwa ameanza kula chakula cha jioni kwa kuchelewa.

Huyo mama ndiye aliyekuwa jambo lenyewe.

"Fundi," Kwanini alisema hatimaye.

"Naam."

"Jumapili tunapata wageni nyumbani."

"Heri." Sindano ikaja. Kwanini akaipokea, akaivuta, akairudisha.

"Wazazi wa yule mfamasia niliyekusimulia. Wanakuja kutaka jibu. Mama amekwisha kubali, anangoja mimi niseme ndiyo."

Kwanini akakaa tayari kuipokea sindano. Sindano haikuja. Alikitazama kitambaa pale ncha ilipopaswa kutokeza, akatazama mpaka kitani kikaanza kumchezea machoni. Nyumba ya pili, kwa seremala, mtu alikuwa anapiga msumari.

"Kwa nini unaniambia mimi?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Eti nini?" Kwanini aliruka kwenye kiti. "Leo wewe ndiye wa kuuliza kwa nini? Mimi naona kila rangi unayotaka kabla hujaitaja, na wewe huoni hata moja?"

"Mfamasia ni mtu mzuri," Fundi alisema. "Alinipa dawa ya kikohozi."

"Basi muoe wewe!"

Sindano ikatokeza. Kwanini aliinyakua na kuvuta uzi kwa hasira zake zote. Kitambaa kikajikunja, jani zima likakusanyika kama uso wa mtoto anayetaka kulia.

"Umevuta mno," Fundi alisema. "Kumejikunja na huku. Itabidi tufumue."

"Fumua mwenyewe!"

Akasukuma sindano upande wa pili bila kuangalia, akainuka, akakimbilia uani penye bomba. Huko alinawa uso, akalia kidogo, akanawa tena. Wakati huo huo seremala akawasha msumeno wake wa umeme, ule ambao ukianza kunguruma mtu hajisikii hata mawazo yake. Ulinguruma mbao baada ya mbao. Kwanini aliushukuru, kwa kuwa ulimfunika asisikike akipenga kamasi.

Msumeno uliponyamaza alikuwa amekwisha kupiga moyo konde. Alirudi kwa mlango wa uani, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Jani lilikuwa limefumuliwa na kulainishwa, na ncha ya sindano ilikuwa imechungulia upande wake, imetulia.

Akaivuta. Akairudisha. Ikapokewa.

"Umekasirika?" aliuliza.

Kimya. Sindano ikaja.

Hapo ule udadisi wake ukamwamka, hata ndani ya huzuni. Sindano ilikuja namna nyingine. Fundi huisukuma ikilala kidogo, itokeze mahali mkono unapoifikia bila kuitafuta. Hii ilikuja imesimama wima, kavu, na kila uzi ulipokwisha kuvutwa upande ule, mwishoni ulipigwa mvuto mmoja mfupi, tik, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu hakitafumuka milele. Kwanini alitazama mishono yake. Ilikuwa sawasawa mno. Ilikuwa mishono ya mtu asiye na mchezo.

Amekasirika kweli, aliwaza. Basi heri, na aendelee kukasirika, mradi ananisikia.

"Usijibu," alisema. "Najua kusema kwako ni kazi. Nisikilize tu, nisije nikarudi nyumbani na mzigo huu. Mimi nakupenda, Fundi."

Uzi upande wa pili ukakoma kuvutwa.

"Nakupenda tangu ulipouliza kiwavi anaanzia wapi. Nikiamka nawaza nitakuletea nini cha kutazama leo. Jana nimebeba kipande cha bati lenye kutu kwenye mkoba, fikiria, mkoba wenye sandwichi yangu. Nikikosa kukuona siku moja naona kila kitu kina rangi moja. Lakini Jumapili nitamjibu mfamasia ndiyo."

Sindano ilitokea, safari hii nje kabisa ya mstari wa jani, mahali pasipo na kazi yoyote. Kwanini aliichomoa, akaishika mkononi asiirudishe.

"Ni Mama," alisema. "Nisikilize, usimchukie. Mama alishona mashuka ya hospitali tangu sijazaliwa. Shuka likitoboka linakwenda kwake, analitia kiraka, linarudi kitandani, linatoboka tena, linarudi kwake. Mgongo wake umebaki kule kwenye lile benchi. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka avitie kwenye maji ya moto, mimi ndiye ninayemfunga vifungo. Kanisomesha kwa vidole hivyo, na kila alipolipa ada alisema, wewe hutashika sindano, wewe utakaa kwenye kiti chenye mgongo. Sasa mimi nimwambie nini? Kwamba nimetoka kwenye kiti chenye mgongo kwa miguu yangu nikaifuata sindano, tena na mwenye sindano nikampenda? Atadhani alijiinamia bure. Siwezi kumfanyia hivyo, Fundi. Mama yangu hana mtu mwingine. Ila kabla sijasema ndiyo kwa mtu ambaye hata sijui anapenda rangi gani, nimetaka wewe ujue. Basi. Nimemaliza."

Halafu upande wa pili mtu akasafisha koo, na koo lile halikuwa la mwanamume.

"Huyo unayemwambia hayupo," sauti ilisema. "Nimemkuta anatoka."

Kwanini aliinuka, akaizunguka fremu akishikilia ukingo wake. Kwenye kigoda cha Fundi alikaa mama yake, miwani puani, subana kubwa ya Fundi ya kusukumia sindano ikimcheza kwenye kidole chembamba, mkoba wake umewekwa vizuri sakafuni kando ya viatu.

"Mama! Tangu lini uko hapa?"

"Tangu hujarudi kutoka uani. Wewe ndiye uliyenikuta."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Mama aliuliza, na kwa mara ya kwanza Kwanini alimwona mama yake amefadhaika. "Mimi nimekuja kumfokea huyu mtu wako. Nilijua penzi ni kikohozi, na wewe wiki zote hizi umekohoa nyumba nzima, kutwa Fundi kasema, Fundi kaonyesha. Nikasema nikamkate maneno kabla ya Jumapili. Njia nisingeipotea, umenisimulia mpaka kitasa cha mlango. Nafika, yeye ndiye huyo anatoka mbio, hata salamu tumepishana nayo kwa kelele za ule msumeno. Naingia, hamna mtu. Naona sindano inaning'inia na uzi wake. Sindano haiachwi ikaning'inia, mwanangu, itamchoma mtu. Nikaichomeka kitambaani. Mara ikavutwa upande wa pili!"

"Ungesema ni wewe."

"Nilitaka. Kabla sijafungua mdomo ikarudi. Sindano ikikujia mkononi, utafanya nini? Nikaipokea."

Kwanini alikaa chini sakafuni pale pale. Mama alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa nguo yake, akaivaa tena, akaifuta tena.

"Mama, umeyasikia yote?"

"Kiziwi mimi?"

"Yale ya kujiinamia bure, mimi sikusema ulijiinamia bure. Nilisema utadhani."

"Nimesikia ulivyosema." Mama aliigusa ile mishono yake mwenyewe kwenye jani. "Kwanini, uliwahi kuniuliza maswali yote ya dunia. Kwa nini hukuniuliza hili? Kwa nini naichukia sindano?"

"Nilidhani najua."

"Ndiyo ubaya wa kudhani unajua. Haya, niulize."

Kwanini alimtazama. Ilikuwa ajabu, lakini swali lilikwama kooni, yeye ambaye hakuna swali lililowahi kumkwama.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ya ule upweke," Mama alisema. "Mgongo uliuma, ndiyo. Lakini mgongo unauma hata ukilala. Mimi nilikaa na mashuka ya watu wagonjwa kwenye chumba kisicho na mtu. Nasukuma mwenyewe, napokea mwenyewe chini, narudisha mwenyewe. Jioni ikifika sijasikia sauti ya binadamu. Nikaapa, mtoto wangu hapana. Mtoto wangu atakaa mahali penye watu." Akazungusha ile subana kidoleni. "Leo ndiyo mara ya kwanza maishani nimesukuma sindano nikaona imepokewa. Nilishtuka. Halafu nikaona haya kusema, kwa kuwa nilipenda. Nilitaka irudi tena. Nilipoanza kukusikia unasema mambo ya mapenzi, nilipaswa kuziba masikio, nami nikawa nangoja sindano."

Kwanini alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, akauegemeza uso wake kwenye magoti ya mama yake. Mama akampapasa kichwa kwa mkono wenye subana, tena bila kujali, ikawa inamgonga.

"Na mfamasia?" Kwanini aliuliza kutoka kwenye magoti yale.

"Mfamasia nilimwita mimi, nitamrudisha mimi. Ni kijana muungwana, ataelewa. Mama yake ndiye hataelewa, lakini yule hajawahi kuelewa kitu tangu tukiwa wasichana." Akamshika kidevu akamwinua. "Ila sikiliza. Wewe umesema unampenda. Yeye amesema nini?"

Kwanini alifikiri. "Amesema nimevuta uzi mno."

"Basi?"

"Na kwamba mfamasia ni mtu mzuri."

"Hee!" Mama alisema. "Mficha uchi hazai. Huyu atatuchelewesha."

Mlango ukafunguliwa, Fundi akasimama pale na mfuko mdogo wa karatasi mkononi. Alikuwa anahema. Alimwona Kwanini sakafuni, macho mekundu. Alimwona mwanamke mzima kwenye kigoda chake, amevaa subana yake. Mtu mwingine angeuliza. Fundi alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye mama yake huyu. Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenzio anarudi kazini, wewe umetoka. Ulikwenda wapi?"

"Nilimwambia nakwenda dukani, ila msumeno…" Aliuinua mfuko kidogo. "Nilikwenda kununua uzi."

"Uzi gani?" Kwanini aliuliza, kwa kuwa hakuna lililoweza kumzuia. Vijani vyote vilikuwepo kwenye sanduku. Njano ilikuwepo, na hudhurungi pia. Walivihesabu pamoja jana. "Tulikuwa tumepungukiwa na nini?"

Fundi akautazama mfuko kama hakuwa ameubeba yeye. Akaufungua. Ndani yake mlikuwa na uzi mwekundu, mwekundu wa kupiga kelele, ambao pazia zima halikuwa na mahali pake.

"Sijui," Fundi alisema. "Muuzaji aliniuliza nataka rangi gani, nami sikuwa na habari ya rangi. Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima."

"Kwa nini?" waliuliza mama na binti kwa pamoja.

Fundi aliiweka kofia juu ya meza, akauweka mfuko juu ya kofia, akabaki hana cha kushika. Masikio yalikuwa yamemwiva. Hakumtazama Kwanini, alimtazama mama yake, kwa adabu, uso kwa uso.

"Nilikuwa najizoeza, mama. Nilikuwa nataka kuja kwako kesho, kabla ya hiyo Jumapili. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kwamba nampenda binti yako. Kila nikizunguka kona nilikuwa naanza upya. Sijamaliza kujizoeza."

Kwanini alifungua mdomo. Mama yake akambana bega, kwa vidole vile vile vya kutiwa kwenye maji ya moto, akambana kwa nguvu, na Kwanini akaufunga.

"Huna haja ya kumaliza," Mama alisema. Akasogea kwenye kigoda, akakaa vizuri kama mtu aliyekaribishwa na asiye na mpango wa kuondoka. "Anza ulipofika. Tuna jioni nzima."

Na Fundi akaanza, akikosea, akirudi nyuma, akianza tena, na Kwanini alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza kwa swali hata moja.